Lita Thelathini na Nne

Jumatatu, 6 Aprili 1987. Malindi
Daftari jipya, la zamani limejaa. Malindi hadi Mtwapa na kurudi: lita ishirini na moja. Bi Kuluthumu alikwenda kuangalia duka lake la kanga la Mtwapa. Gari halina neno. Joto kali, mvua bado.

Naandika lita kila safari kwa sababu baba aliandika galoni kila siku. Alikuwa mtu wa pampu ya maji kwenye shamba la mkonge, upande wa chini wa Kilifi. Hakujua kusoma ila tarakimu. Mimi nimefika kidato cha nne, sina udhuru.

Ijumaa, 10 Aprili
Mvua ya kwanza. Gari linadondosha maji ya rejeta, tone moja moja, pale kidude cha kupimia joto kinapoingia kwenye injini. Ni kidude cha shaba, ukubwa wa kidole gumba, kina waya mmoja kichwani. Bi Kuluthumu alilinunua gari hili kwa Mzungu aliyekuwa akifunga nyumba yake na kurudi kwao. Halina kabureta, petroli inapigwa kwa sindano. Mafundi wengi wa hapa wakifungua boneti huifunga tena polepole, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

Jumatatu, 13 Aprili
Nimeziba. Washa ya shaba, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, ilikuwa imeliwa na chumvi, nikaitupa. Nimefanya kama baba alivyonifundisha kwenye mabomba: katani iliyochanwa nyembamba, ikazungushwa kwenye meno ya kidude kwa kufuata upande wa kukaza, kisha rangi nyekundu, kisha katani tena mpaka chini ya kichwa. Halivuji hata tone. Fundi angeagiza washa Mombasa tukangoja wiki nzima. Leo nimejiona mtu.

Alhamisi, 16 Aprili
Mtwapa na kurudi: lita thelathini na moja. Barabara ilijaa maji, na nyuma tulipakia marobota manne.

Jumapili, 19 Aprili
Pasaka. Mvua. Sikuweza kwenda nyumbani Ganze, njia imekatika.

Jumatano, 22 Aprili
Mtwapa: thelathini na nne. Hatukuwa na mzigo. Sielewi.

Jumamosi, 25 Aprili
Thelathini na nne tena. Moshi mweusi nyuma. Zein, mpwa wa Bi Kuluthumu anayemsimamia maduka, leo alikuja kusimama nyuma yangu kituoni nikitia mafuta. Alitazama tu mkono wangu.

Jumatatu, 27 Aprili
Leo nimeaibika mbele ya watu na nitaandika kama ilivyokuwa.

Kwenye feri ya Kilifi madereva huzima injini. Nilizima. Tulipofika ng'ambo, magari ya mbele yakashuka, nikawasha, injini ikazunguka, haikushika. Nikajaribu tena. Harufu ya petroli ikajaa gari zima mpaka Bi Kuluthumu akaziba pua kwa ncha ya buibui. Nyuma yangu lori la nazi likaanza kupiga honi.

"Dereva!" mama mmoja mwenye kapu la samaki akaniita. "Gari lako limefunga kabla ya mwezi kuandama!"

Watu wakacheka. Hata baharia wa feri alicheka. Wanaume sita wakatusukuma hadi juu ya mteremko. Tulingoja karibu nusu saa injini ipoe, ikawaka, ikatoa wingu jeusi lililomfunika yule yule mama.

"Na futari limetupikia!" akapaza sauti.

Bi Kuluthumu hakucheka. Tulikuwa tumeshapita Watamu. Ndipo akaniambia, "Randu, mwanangu, kuna jambo wanificha?"

"Hapana, Bibi. Kuna jambo gari linanificha mimi."

Akaligeukia dirisha. Sikupenda.

Jumatano, 29 Aprili
Imetokea.

Niliitwa dukani saa nne. Ndani walikuwamo wateja watano au sita, na wanawake wawili walikuwa wamekunjua kanga baina yao. Zein hakungoja watoke. Wala hakuteremsha sauti.

"Gari ni lile lile. Barabara ni ile ile. Zamani lita ishirini na moja, sasa thelathini na nne. Kumi na tatu zaenda wapi? Wauza wapi petroli, Randu?"

"Siuzi."

"Basi wainywa?"

Mtu mmoja akacheka. Wale wanawake wakaacha kukunja kanga.

"Zein, tarakimu hizo umezipata wapi?" nikamuuliza. "Umezipata kwangu. Mimi ndiye niliyekuandikia. Mwizi gani anayeandika alichoiba, kila siku, kwa kalamu, akakuletea?"

"Mwizi aliyesoma," akasema. "Mwizi, na nasema mbele za watu, wewe ni mwizi."

Kisha akanipa karatasi iliyopigwa taipu tayari. Mimi, Randu Nzai, nakiri kuchukua petroli ya mwajiri wangu, naomba radhi, naahidi sitarudia. Pameachwa nafasi ya sahihi. Akasema nikisaini nitaendelea na kazi na shauri litaishia hapo. Nisiposaini, nirudishe ufunguo.

Nilimtazama Bi Kuluthumu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nyuma, mkono juu ya pima ya mbao ya kupimia vitambaa.

"Mpeni mpaka Idi," akasema. "Aonyeshe mafuta yaendako. Akishindwa, ufunguo."

"Na karatasi hii?" nikauliza.

"Kaa nayo."

Nimeibandika hapa, ukurasa unaofuata. Haina sahihi wala haitapata.

Alhamisi, 30 Aprili
Ramadhani imeanza kwao. Mvua.

Jumatatu, 4 Mei
Nimekwenda kwa Gitau, makanika wa bara mwenye banda nyuma ya soko. Nilikuwa nikimkwepa. Watu husema mafundi wa bara wakikosa ugonjwa hutengeneza mmoja. Lakini ni yeye peke yake ambaye hakufunga boneti.

Alitoa plagi moja, akanionyesha. Nyeusi, masizi matupu, kama sehemu ya chini ya sufuria.

"Hii gari inakunywa mingi sana," akasema. "Mafuta haiibiwi. Inachomwa yote hapa ndani, ile inabaki inatoka na moshi. Nani alisema umeiba?"

"Mpwa wa mwenye gari."

"Mwambie achungulie ekzosi."

Akanifundisha. Kile kidude cha shaba anakiita sensa. Injini ikiwa baridi, sensa inaliambia boksi la umeme lililo chini ya dashibodi, nalo linamwaga petroli zaidi. Ikipata moto, boksi linapunguza. Akaleta mita, waya mwekundu akaugusisha kichwani mwa sensa, mweusi akaushika kwenye injini. Injini ilikuwa inachemka. Sindano ya mita haikutikisika.

"Imekufa," akasema. "Boksi inafikiri tuko kwa baridi ya Limuru, saa kumi na moja asubuhi."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumanne, 5 Mei
Nimemweleza Bi Kuluthumu mbele ya Zein. Zein akasema, "Kidude cha kupima joto kinakunywa lita kumi na tatu? Labda kina tumbo." Bi Kuluthumu akasema kiagizwe. Ataliandikia duka la Mombasa.

Jumatano, 6 Mei
Mvua.

Ijumaa, 8 Mei
Mvua. Ngomeni, kumpeleka Bi Kuluthumu kwenye matanga. Watu wa huko pia wamesikia. Kijana mmoja aliomba nimuuzie galoni ya boti. Alidhani ananifanyia hisani.

Jumapili, 10 Mei
Ganze. Njia imefunguka. Easter, mke wangu, alikuwa shambani anapanda mahindi, matope mpaka magotini. Nilimsomea ile karatasi pale pale, na jembe lake bado mkononi.

"Ukisaini utabaki na kazi?"

"Ndiyo."

"Na mtoto akiitwa shuleni, mwana wa Randu mwizi, atajibu nini? Kwamba babaye alibaki na kazi?" Akachoma jembe chini. "Mwaka jana hatukuvuna kitu, na hatukufa. Rudi huko. Usisaini."

Sikuwa na nia ya kusaini. Lakini kusikia ni kitu kingine.

Ijumaa, 15 Mei
Sensa mpya imefika, ndani ya kijisanduku, na washa yake mpya ya shaba. Gitau alitaka kuifunga yeye. Nilikataa. Ikiwa kuna mtu wa kusema fundi wa bara alifanya ujanja, asipate mlango. Nimeifunga mwenyewe, kwa katani na rangi, vizuri kuliko mara ya kwanza. Ile washa sikuiamini. Hapa pwani shaba nyembamba haikai. Nimeiweka kwenye kiberiti kitupu, maana situpi kitu kipya. Ile sensa ya zamani nimeiacha na katani yake, nikaifunga kwenye tambara.

Kesho Mtwapa. Zein atapanda. Tanki litajazwa mpaka shingoni, kabla na baada, mbele ya macho yake.

Jumamosi, 16 Mei
Thelathini na nne.

Jumapili, 17 Mei
Jana sikuweza kuandika zaidi ya hapo.

Zein alikaa mbele, pembeni yangu, ufunguo wa kifuniko cha tanki mfukoni mwake. Alikuwa na saumu, midomo imekauka, na bado alitabasamu tangu Kilifi, tangu alipoona moshi kwenye kioo. Kituoni mtu wa pampu alipotangaza lita, Zein akasema, "Mara hii uliiba vipi, na ufunguo ninao mimi?"

Nilisema, "Ndiyo hasa, Zein! Ufunguo unao wewe. Nimeibaje?"

Nilidhani ataona. Kwa dakika moja aliona, nilimsoma usoni. Kisha akaugeuza uso. "Basi umeharibu gari kusudi, ili wizi wa zamani ufunikwe."

Kuna watu ukiwafungia mlango hupasua ukuta.

Jioni, baada ya kufuturu, niliitwa nyumbani kwao. Zein alikuwa amekwisha kumwambia Bi Kuluthumu kwamba waitwe walimu, isomwe halbadiri, kisomo cha laana, ili aliyechukua petroli adhihirike. Alisema kwa sauti ya upole, akinitazama. Alitaka niogope. Watu wengi hukimbia wakisikia tu kisomo hicho, na akikimbia mtu imekwisha, yeye ndiye.

"Someni," nikasema. "Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nitakuja. Nitakaa mkeka wa mbele, nikitazamana na anayesoma. Ila kisomwe kwa wote tuliogusa petroli ile. Mimi, na yule mtu wa pampu wa kituoni, na wewe uliyeshika ufunguo."

Bi Kuluthumu akaweka kikombe chini.

"Halbadiri si nyundo, Zein, ya kugongea kila msumari. Hakisomwi kisomo nyumbani mwangu kwa dhana, wala mwezi huu." Kisha akanigeukia, na sauti haikuwa laini zaidi. "Nawe Randu, ulimi wako mrefu. Idi i karibu. Sijaona bado mafuta yaendako."

Nikatoka. Nilimwonea hasira yeye kuliko Zein. Leo, nikisoma nilichoandika, naona alinipa siku kumi na mbili alizoweza kuninyima.

Jumatatu, 18 Mei
Mvua. Gitau anasema labda boksi. Boksi ni la Ulaya, miezi mitatu.

Jumanne, 19 Mei
Sikubali kwamba ni boksi. Kitu kipya kikifanya sawasawa na kile kilichokufa, basi ama kipya nacho kimekufa, ama cha zamani hakikufa. Kidato cha pili tulipima vitu kwa maji ya moto. Nimeazima kipimajoto kwa mwalimu wa sayansi.

Jumatano, 20 Mei
Naandika polepole nisiruke kitu.

Banda la Gitau, saa tatu. Jiko la makaa, sufuria yake ya chai, maji ya bomba. Tulining'iniza sensa zote mbili kwa uzi, vichwa nje ya maji. Gitau alishika mita, mwekundu kwenye ncha ya waya, mweusi kwenye kichwa cha shaba. Mimi nilisoma kipimajoto na kuandika.

Maji digrii ishirini na nane: kwa sensa mpya mita inasoma elfu mbili kasoro kidogo. Ya zamani, elfu mbili kasoro kidogo.

Gitau akanitazama. "Hii tulisema imekufa."

Digrii hamsini: zote zimeshuka chini ya elfu moja. Digrii themanini: mia tatu na kitu, mia tatu na kitu. Zilishuka pamoja kama ndugu wawili wanaoteremka ngazi.

"Zote mzima," akasema Gitau. "Sasa mbona ndani ya gari haisomi?"

"Kule uliushika wapi waya mweusi?"

"Kwa injini."

"Na hapa?"

"Kwa kichwa yake."

Akaitoa ile ya zamani majini, akaipuliza, akaanza kukwangua meno kwa ukucha. Rangi nyekundu ikamjaa kidoleni.

"Hii nani aliweka?"

"Mimi."

"Na hii mpya?"

"Mimi."

Akaketi juu ya gurudumu. "Dereva, hii iko waya ngapi?"

"Mmoja."

"Umeme inaingia na waya. Inarudi na nini?"

Nilikuwa nimekwisha kujua. Inarudi kwa mwili wa sensa, kwa meno yake, kwenye injini. Nami meno yale niliyavika katani na rangi mpaka chini ya kichwa, mara mbili, kwa ufundi.

"Umeivalisha soksi!" Gitau akacheka mpaka akashika mbavu. "Ngai! Hii ni injini, si bomba ya ng'ombe!"

Nilifungua daftari hili pale pale bandani. Tarehe 6, ishirini na moja. Tarehe 13, "Leo nimejiona mtu." Tarehe 16, thelathini na moja. Nimelibeba daftari hili mwezi mzima kama shahidi wangu, na shahidi alikuwa akisema jina langu.

Tulikwangua, tukasafisha kwa petroli na tambara mpaka shaba ikang'aa. Nikatoa ile washa kwenye kiberiti. Nikaifunga sensa ya zamani, si mpya. Gitau akaipima kwenye injini yenyewe ikiwa moto: mia tatu na kitu. Moshi haukuonekana. Nilizima, nikawasha ikiwa moto. Ikashika mara moja.

Gitau akapangusa mikono. "Sikiza. Sema ilikuwa sensa. Mpya imewekwa, gari imepona. Nani atajua? Mimi sisemi."

Alisema kwa wema. Nilimkwepa karibu mwezi mzima mtu huyu kwa maneno ya barabarani.

"Rafiki yangu, asante," nikamwambia. "Lakini namtaka Zein arudishe uongo wake mbele za watu. Siwezi kwenda kudai hilo nikiwa na uongo wangu mfukoni."

Jumatatu, 25 Mei
Mtwapa na kurudi, Zein mbele, ufunguo wa tanki kwake. Kwenye feri nilizima, nikawasha. Lita ishirini na moja. Mtu wa pampu alirudia tarakimu mara mbili kwa sababu Zein aliomba arudie.

"Kilikuwa nini?" akaniuliza.

"Nitasema dukani. Pale pale."

Jumatano, 27 Mei
Duka lilijaa. Keshokutwa huenda ikawa Idi na kila mwanamke wa Malindi anatafuta kanga. Nilimwomba Bi Kuluthumu ruhusa ya kusema maneno machache. Akatikisa kichwa kukubali, bila kuacha kupima kitambaa.

Nyuma ya karatasi ya Zein, niliyoibandua daftarini, nilikuwa nimeandika yangu kwa kalamu. Niliisoma kwa sauti. Kwamba mimi, Randu Nzai, tarehe 13 Aprili, niliziba sensa ya gari hili kwa katani na rangi, kwa kutojua, nikaukatia umeme njia ya kurudi. Kwamba gari likadhani injini ni baridi kila saa, likamwaga petroli na kuichoma bure. Kwamba kwa sababu yangu kiliagizwa kitu kipya kisichohitajika. Kosa ni la mkono wangu. Tone moja sikuiba. Nikatia sahihi mbele yao, kando ya pima ya mbao, na nikaiweka ile sensa mpya kwenye kaunta, mbele ya Zein, imesafishwa, ndani ya kijisanduku chake.

Zein akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Basi kumbe kosa lilikuwa lako."

"Lilikuwa langu. Nimelisema. Sasa sema lako."

"Lipi?"

"Ulisema neno hapa, tarehe 29 Aprili, saa nne."

Akaangalia wateja. Akaangalia shangazi yake. Bi Kuluthumu alikunja kitambaa mara mbili, akakipiga kiganja kilainike, akasema, "Twakungoja, Zein. Mkono wangu wachoka."

Akasema. Aliinama karibu na kaunta na kunong'ona kwamba hakuwa na haki ya kuniita vile.

"Sikusikia," nikasema.

"Nimesema..."

"Siku ile nilikusikia vizuri. Hata wa nje walikusikia. Sauti ile ile, Zein."

Nilijua ufunguo ungeweza kuondoka mkononi mwangu hapo hapo. Niliutoa mfukoni nikauweka kwenye kaunta, kando ya kijisanduku, ili asidhani ndio ninaoulinda.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Haya baba, toa sauti, twataka kwenda kupika."

Zein akanyoosha mgongo. "Randu si mwizi," akasema, na sauti ikafika barabarani. "Nilikosea."

Bi Kuluthumu akausukuma ufunguo kwa ncha ya pima mpaka ukafika upande wangu. "Kesho asubuhi Kilifi," akasema. "Na katani zako ziache Ganze."

"Naam, Bibi."

Alhamisi, 28 Mei
Kilifi, hadi ng'ambo ya feri, na kurudi: lita kumi na mbili. Mvua nyepesi. Kwenye feri alikuwako yule mama wa kapu la samaki. Nilizima, tukavuka, nikawasha. Ikashika. Alitazama nyuma ya gari akitafuta moshi, hakuuona, akanyanyua kapu lake akanipisha.